Mwiko wa Baba Mkwe na Sanduku Langu la Spana

Mtu akibisha hodi kwetu Sumbawanga, miaka ile ya Ujamaa, na kuniuliza, "Fundi yupo?", nilikuwa namjibu, "Ndiye mimi." Basi atanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, atachungulia nyuma yangu kama vile nimemficha mtu mlangoni, halafu atasema, "Hapana mama, namtaka mzee." Mzee! Mzee mwenyewe, yaani mume wangu, ni bwana shamba. Anajua mahindi yenye afya na ulezi ulioingiwa na ugonjwa, lakini mwambie afungue boneti uone atakavyolizunguka gari akitafuta pa kushika. Nafuta mikono kwenye kitambaa chenye oili, namwambia mgeni, "Mzee hayupo, lete hiyo pampu yako niione." Wengine waliiacha. Wengine waliondoka nayo ikiwa mbovu vilevile. Mpaka leo nikikumbuka, joto linanipanda kichwani.

Ufundi huo sikuuota ndotoni. Baba yangu mzazi alikuwa dereva wa lori la misheni huko kwetu Rungwe, na lori lile halikuwahi kuona kilima likakosa kuharibika. Nimekulia chini yake. Nilipoolewa, mume wangu akapangiwa kazi Rukwa, nami nikapata kufundisha shule ya msingi palepale mjini. Yeye nilimwita Bwana Shamba, naye aliniita Mwalimu, kwa utani mwanzoni, halafu ikawa ndiyo majina. Pikapu kuukuu tuliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Mpui aliyekuwa ameichoka. Bwana Shamba alilipa. Aliyeifanya itembee ni mimi, na hilo walilijua yeye na kuku wetu tu.

Vifaa nilivikusanya kimoja kimoja, kwa kuvipigania. Siku hizo ukiingia duka la ushirika unakuta rafu zimejaa majembe ya mpini mfupi na makopo ya rangi ya kijani. Ukitaka bisibisi, unaambiwa shurti uchukue na rangi. Siku moja zikaletwa spana, nami nikapanga foleni na wanaume. Muuza duka akanichagulia yeye mwenyewe. "Mama, wewe chukua spana malaya. Hii inafungua nati zote, huna haja ya kupima." Spana malaya ndiyo ile ya kukaza na kulegeza mdomo, kila nati inaikubali, ndiyo maana mafundi wakaipa jina hilo. Foleni nzima ikaangua kicheko, eti mwalimu kapewa malaya.

"Sitaki," nikamwambia. "Hiyo inaikubali kila nati na inaiharibu kila nati. Nipe za ringi."

"Za ringi ni za mafundi, mama."

"Kwani mimi hapa nimekuja kununua chumvi?"

Akanipa. Spana ya ringi inaikamata nati pande zote, nati haitoki imelika kichwa, na nati iliyolika kichwa Sumbawanga ya wakati ule ilikuwa msiba, maana nyingine huipati mpaka mtu aende Mbeya. Jeki nayo nilichagua ya kuzungusha kwa mkono, nikaikataa ile ya mafuta waliyonisifia. Nguvu inayo, sikatai, lakini raba zake za ndani zikikatika utazitoa wapi? Jiliwa, lile la kubania chuma mezani, nililipata kwa seremala wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Balbu ya indiketa niliiunga nyaya mbili, ikawa ndiyo taa yangu ya kutafutia umeme ulipokwama. Nikachongesha sanduku la mninga lenye kufuli, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza kama tunafungua karakana ya binafsi, ya kibepari. Nikamwuliza ile baiskeli yake niliyomtengenezea bure wiki iliyopita ilikuwa ya kijamaa? Akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Sasa ndipo akaja baba mkwe.

Niseme kwanza habari ya mwiko, maana bila huo nisingekuwa na la kusimulia. Sisi kwetu Rungwe mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja, hata njiani akimwona anaacha njia na kugeuka pembeni. Ndiyo heshima. Vijana waliosoma walikuwa wameanza kulegeza, lakini mzee huyu alikuwa wa kale, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri, sikutaka iwe mimi ndiye nimeivunja. Majirani zetu Wafipa walishangaa sana. Mtoto wa kwao akikutana na mzee ni shikamoo kwa kupiga goti, halafu mwalimu wao anamkimbia baba mkwe wake kwa kupitia mlango wa kuku! Mmoja akanionya kwa upole kwamba nitapata laana kwa kutomwamkia mzee. Ningemweleza vipi kwamba laana ningeipata kwa kumwamkia?

Mzee alikuwa safarini kwenda Kipili, kule ziwani, alikokuwa mdogo wake akifanya biashara ya dagaa. Mdogo mtu alikuwa anaumwa. Mabasi yalikuwa hayana uhakika, kwa hiyo akashukia kwetu akisubiri mwanawe ampeleke. Nyumba ya serikali haikuwa na chumba cha wageni. Bwana Shamba akamtandikia baba yake kwenye stoo. Stoo ndiyo ilikuwa karakana yangu. Yaani jiliwa langu, jeki yangu, sanduku langu, vyote vikalala na mzee, na mimi siruhusiwi hata kuchungulia mpaka atoke kwenda kutembea.

Jioni ya kwanza niko jikoni, nikamsikia kwa kupitia ukuta, "Mwanangu! Kumbe umekuwa fundi? Vifaa vyote hivi?"

Nikaacha kukoroga uji. Nikasubiri.

"Tunajitahidi, baba," Bwana Shamba akajibu.

Tunajitahidi! Nilitamani kuubomoa ule ukuta kwa mwiko wa ugali. Usiku alipoingia chumbani nikamwuliza tunajitahidi hao ni akina nani. Akasema, "Mwalimu, mzee ni mgeni, tusimchanganye." Nikamwacha, nikijua mgeni ataondoka.

Mzee alikuwa mtu wa kujituma, hilo simnyimi. Alipoambiwa kwamba mjini kuna wizi wa mifuniko ya tanki, maana nayo ilikuwa imeadimika, akajipa kazi ya ulinzi. Gari likiingia uani tu, anafungua mfuniko wa petroli anautia kwenye mfuko wa koti, na tanki analiziba kwa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa. Asubuhi Bwana Shamba akitoka, mzee anautoa mfuniko mfukoni, anaufunga kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa madaha. Mimi mfuniko huo sikuushika tena tangu siku aliyofika. Ningeushikaje? Ulikuwa unakaa kifuani kwa baba mkwe.

Wakati huohuo sabuni yetu ya mche ikaanza kupungua. Sabuni tuliyoipata kwa mgao, kwa kupanga foleni kwenye baridi, kila asubuhi naikuta imemegwa kona. Nikawalaumu panya. Nikawalaumu wanafunzi waliokuja kunichotea maji.

Na pikapu ikaanza kuzimika njiani.

Ilianza Bwana Shamba alipokwenda Mpui. Gari lilitoka mjini vizuri, likaenda, halafu likakohoa, likakosa nguvu, likazima. Geji yetu ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo akafanya tulivyozoea: akafungua tanki, akatumbukiza kijiti, akaona petroli ipo. Akafunga. Akapiga stata, gari likawaka kama halikuwa na neno! Mbele kidogo, likazima tena. Akarudi nyumbani akaniambia, "Mwalimu, ni koili. Inapata moto inakufa, ikipoa inafufuka." Kila dereva mjini alisema ni koili, ile ya kupeleka umeme kwenye plagi. Wasiosema koili walisema pampu.

Nikasubiri mzee aende kwenye matembezi yake, nikaliwasha gari uani. Likaunguruma vizuri. Nikaliacha mpaka koili ikawa haishikiki kwa moto, wala halikutetereka. Nikaazima koili nyingine, nikafunga. Nikafungua kabureta nikaisafisha. Nikachomoa bomba la petroli, nikaona pampu inavuta na inatema kama kawaida. Uani gari linaimba. Kesho yake anakwenda nalo barabarani, linakufa. Tena jambo la kuudhi zaidi, likijazwa petroli ndipo linakufa haraka. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu ubaoni huku kichwani nafungua na kufunga kabureta. Nilikasirika kama mtu anayetukanwa na asijue anatukanwa na nani.

Siku moja Bwana Shamba akaingia chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuvua soksi polepole. Nikajua kuna jambo.

"Baba ameomba vifaa," akasema.

"Vifaa gani?"

"Vya stoo. Anataka ampelekee mdogo wangu, yule anayekaa na baba mdogo kule Kipili, afungue kazi ya kutengeneza injini za maboti. Anasema mimi nina mshahara, mdogo wangu hana kitu."

"Ukamjibu nini?"

"Sasa Mwalimu, ningemjibu nini? Ni baba."

"Ungemjibu kwamba ni vya mkeo!"

"Nitamwambia. Tukiwa njiani tunakwenda Kipili nitamwambia taratibu. Njiani mtu anasikiliza."

Nilimwangalia. Alikuwa mtu mwema, mume wangu, asiyeinua sauti wala mkono. Lakini mbele ya baba yake alikuwa analainika kama ugali uliokosa unga. Nikamwambia, "Sawa. Njiani. Usipomwambia, mimi na wewe tutajuana."

Hatukukaa sana. Jumamosi dereva mmoja aliyetoka Namanyere akaleta habari kwamba baba mdogo wa Kipili amefariki. Kule ziwani ni joto, maiti haingoji. Wangezika Jumapili mchana. Na Jumapili mchana ndio magari ya binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, kwa ajili ya kubana petroli. Ina maana tutoke alfajiri, na tusisimame njiani. Mzee aliposikia alikaa chini ukutani akasema, "Mdogo wangu atazikwa kama mtu asiye na kwao." Alirudiarudia maneno hayo. Nilikuwa jikoni, na nilimhurumia, jamani. Nilimhurumia kabisa.

Alfajiri wao wawili wakakaa mbele. Mimi nyuma, kwenye bodi, nimejifunika turubai pamoja na mkungu wa ndizi na magunia ya unga wa msiba, na pembeni yangu sanduku langu la spana. Aliyelipakia ni mzee mwenyewe. Nilikuwa nimejilaza kando ya mali yangu, naisindikiza kugawiwa. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita mnaijua, upepo unatambaa juu ya nyasi tupu hauna cha kuuzuia. Nikawa natega sikio kwenye kioo cha nyuma, nisikie kama Bwana Shamba anasema. Nikamsikia akizungumzia mbolea.

Hatujafika hata nusu ya njia ya Namanyere, gari likakohoa, likazima. Mzee akashuka. Nami kwa adabu nikaruka upande wa pili, nikaenda kusimama mbali kwenye nyasi, nimewapa mgongo. Wakapima kwa kijiti, wakafunga, likawaka, nikakimbia nikapanda.

Likazima tena. Safari hii miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikabaki palepale chini ya turubai, nikajikausha. Mdomo wa tanki ulikuwa ubavuni mwa bodi, karibu kabisa na kichwa changu. Bwana Shamba akaja akafungua mfuniko. Nikasikia: fyuuuuu.

Nikakaa wima, mkungu wa ndizi ukaniangukia. Tanki lilikuwa linavuta pumzi! Lilikuwa limenyimwa hewa. Petroli inatoka kwenda kwenye injini, hewa haiingii kushika nafasi yake, mwisho pampu inavuta inashindwa. Ukifungua upime kwa kijiti, hewa inaingia, gari linafufuka, nawe unasema koili imepoa. Uani halikufa kwa sababu uani kulikuwa na gunzi, na gunzi halizibi sawasawa. Likijaa linakufa haraka kwa sababu ndani hamna nafasi ya hewa. Yote yakajipanga kichwani mwangu kwa mara moja.

"Bwana Shamba," nikanong'ona, "nipe mfuniko."

"Nimeshampa baba."

"Kamwombe. Mwambie unataka kuufuta vumbi."

Akaenda, akarudi nao. Mfuniko wa petroli una kijitundu kidogo cha kupumulia. Kile cha kwetu kilikuwa kimeshindiliwa sabuni. Sabuni yangu ya mche! Alama ya kidole gumba ilikuwa bado inaonekana juu yake.

"Baba yako ndiye aliyeziba," nikasema.

Bwana Shamba akaugeuza mfuniko. "Kweli alisema petroli inapotea kwa harufu. Alisema amepata dawa."

Nikazibua kwa pini ya kichwani, nikampa. "Haya, kamwambie asiguse tena."

Nikamwona kwa upenyo wa turubai akimrudishia baba yake. Mzee akaunyanyua mwangani, akaguna. "Imetoka hii." Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni, akakimega, akakitemea mate, akakishindilia kwenye kile kijitundu, tena kwa uangalifu. Na mume wangu amesimama pale! Anatazama! Mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Mzee akafunga mfuniko, wakapanda, tukaondoka.

Nawaapia, sijawahi kukasirika namna ile. Nilipiga kioo cha nyuma kwa ngumi, akajifanya hasikii. Mtu anajua ugonjwa, anajua dawa, baba yake mzazi anachelewa kumzika ndugu yake, naye anaona heri gari life kila mahali kuliko kumwambia mzee neno moja! Ebo! Huyu ndiye angemwambia habari ya sanduku?

Tulipita Namanyere jua limeshachomoza sana. Tukaanza kuteremkia ziwani, na kwenye kipande kimoja cha kupanda likazima mara ya tatu. Mzee alishuka, akaenda kusimama mbele ya gari akitazama upande wa ziwa. "Sasa hivi wanamtoa ndani," akasema. "Wanamtoa mdogo wangu, mimi niko hapa na koili."

Hapo nikashuka. Nilijifunika kanga gubigubi, nikampa mzee mgongo, nikasimama mbele ya gurudumu la nyuma. Kwetu mtu akibanwa kabisa anaweza kusema na kuku, au na chungu, mkwe akasikia. Mimi nikasema na gari. Nikapaza sauti.

"We gari! Wewe huna koili mbovu, wala pampu mbovu. Umezibwa pua! Kijitundu cha mfuniko wako ndiyo pua yako, na mtu amekupaka sabuni, sabuni ya watu, ya mgao! Akitoa hiyo sabuni yake na asiirudishe, utafika Kipili saa hii. Asipotoa, tutamkuta marehemu ameshafukiwa. Umesikia, we gari?"

Bwana Shamba alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasikia nyayo za mzee zikija upande ule mwingine, mfuniko ukafunguliwa, fyuuuu, halafu mkwaruzo wa mwiba kwenye chuma. Kipande cha sabuni kikatupwa nyasini. Nilitamani nikakiokote.

"Gari hili lina maneno," mzee akasema, kama anayeambia milima. "Twende."

Halikuzima tena. Tulifika watu wako makaburini, jeneza bado liko juu. Walimpisha mzee akapita, akapiga magoti, akamlilia mdogo wake kama mtoto, na akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Niliona kwa mbali, kutoka upande wa wanawake, na machozi yalinitoka, si kwa marehemu peke yake.

Kesho yake wanaume walikaa barazani, wanawake tuko nyuma tunapara samaki. Nikamsikia mzee akiwasimulia wafiwa. "Tungechelewa. Lakini huyu mwanangu ni fundi wa ajabu. Akajua shida iko kwenye mfuniko, ila aliona haya kuniambia mimi baba yake. Akamtuma mkewe aseme na gari."

Akamtuma! Wanaume wakasema "Ahaa!" wakampigia makofi. Na Bwana Shamba akakivaa hicho kilemba cha ukoka, kikamkaa kichwani vizuri. Sikusikia "hapana". Sikusikia hata kikohozi. Mama mmoja pembeni yangu akanigusa begani, "Una bahati dada, mume msomi tena fundi." Nilimkata yule samaki mpaka kwenye ubao.

"Na kwa moyo wake," mzee akaendelea, "vifaa vyake vyote amemwachia mdogo wake. Kijana, kashushe sanduku."

Niliacha kisu. Shemeji yangu alipofika kwenye pikapu alinikuta nimekaa juu ya sanduku, nimejifunika kanga mpaka usoni, mikono inanuka samaki. Maskini, hakuwa na kosa. Akasimama hajui la kufanya. Wanaume wakainuka barazani kutazama.

"We sanduku!" nikasema. "Kama kweli wewe ni la bwana shamba, basi bwana shamba akutajie vilivyomo tumboni mwako. Akivitaja, nashuka!"

Nilisikia maji ya ziwa yakipiga mawe. Mzee ndiye aliyesema, taratibu. "Mwanangu, mle ndani mna nini?"

"Mna... spana, baba," Bwana Shamba akajibu.

"Spana za namna gani?"

"Za... za kufungulia. Na nyingine."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Mimi nikaendelea kuliambia sanduku, kimoja kimoja: spana za ringi za foleni ya ushirika, jeki ya kuzungusha, jiliwa la seremala, na balbu yenye nyaya mbili, ambayo hapo barazani hakuna anayejua kazi yake. Nikamwambia shemeji, maana yeye naruhusiwa kumsemesha, kwamba akitaka kujifunza aje Sumbawanga, nitamfundisha, na atarudi na vifaa atakavyovichagua yeye mwenyewe.

Mzee akasema, na sauti yake haikuja kwangu, ilikuja kwenye mbao, "Sanduku, rudi ulikotoka. Na mwenyewe." Akarudi kuketi. Hakuvunja mwiko, wala mimi sikuuvunja. Tangu siku hiyo sikuwa na kinyongo naye.

Mwenye deni na mimi alikuwa yule mwingine.

Mzee alibaki matangani, tukarudi wawili. Safari hii nilikaa mbele. Kwenye mlima wa kutoka ziwani gari likaruka mtaro, likazima ghafla. Nilijua mara moja, waya wa koili umechomoka, niliusikia ukigonga boneti. Bwana Shamba akapiga stata, akapiga tena, akanigeukia.

"Mwalimu, hebu shuka uangalie."

Nikajifunika kanga usoni. "We gari," nikasema, "mwambie fundi wako wa ajabu ashuke."

Akashuka. Akafungua boneti, akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akagusa redieta akaungua. Akaja dirishani kuomba ufunguo wa sanduku. Nikalishika pindo la kanga. Akasimama pale juani, jasho linamtoka. Mwishowe akaweka mkono juu ya boneti akasema kwa sauti ndogo, "We gari, mwambie mwalimu nimekosa."

Nikajifunua. "Usiniletee mambo ya gari," nikamwambia. "Baba yako ana mwiko na mimi, na bado amesema. Mimi na wewe mwiko wetu ni upi? Nitazame usoni, useme vifaa ni vya nani na fundi ni nani."

Akanitazama. Akasema.

"Sijasikia."

Akasema tena, kwa nguvu, mpaka wanawake waliokuwa wanapanda mlima na ndoo za dagaa wakasimama kutusikiliza. Ndipo nikafungua pindo, nikampa ufunguo, nikamwambia kwanza aniletee ile balbu yenye nyaya mbili.